Somo Dogo la Stefania

Benchi letu liko mbele ya karakana yangu ya baiskeli hapa Ngombezi, barabara inapokata kwenda mashamba ya mkonge. Mimi ndiye Kiraka, birika la kahawa ni langu, na asubuhi ile watu walikuwa wameshanichosha hata mkaa haujakolea. Gregori, tunayemwita Saireni kwa kuwa alishastaafu kiwandani lakini bado anaamka saa kumi na moja alfajiri kama king'ora cha kiwanda, alikuwa anakaa, anasimama, anaangalia simu, anakaa tena. Binti yake Stefania yuko chuo kikuu Dar, anasoma hisabati. Saa sita mchana dirisha la kuchagua somo dogo, lile linalosomwa pembeni ya somo kuu, linafungwa. Baba anataka ualimu. Binti anataka takwimu bima, na amesema hajazi chochote bila ruhusa ya baba yake.

Saireni: Saa ngapi?

Kiraka: Sita kasorobo. Umeuliza sasa hivi. Kaa, benchi linalia.

Saireni: Nikikaa roho inapanda. Nimekata mkonge mimi, nimeingia kiwandani, masikio yamekufa. Sitaki asome kitu kisichojulikana halafu arudi hapa kukata mkonge.

Pembeni yake alikuwa Semboja, tunayemwita Profesa. Aliishia darasa la saba, lakini hakuna swali lililowahi kumshinda.

Profesa: Takwimu bima naijua. Ni hesabu za kujua watu watakufa lini.

Saireni: Acha hizo!

Profesa: Hakika! Kila mtu ana namba yake. Krismasi binti anakuja likizo, anakuangalia mara moja tu, anainamisha uso. Wewe utakula wali wa sikukuu?

Jabiri akadakia. Huyu ndiye Redio Mbao, na asichokijua hukitangaza vilevile.

Redio: Kabuku kuna jamaa alipimwa na hao watu. Walimpima kiuno kwa futi kamba, wakamsikiliza anavyokohoa, wakaandika. Miezi mitatu, kwisha habari yake!

Kiraka: Alikufa na nini?

Redio: Aligongwa na lori.

Kiraka: Sasa lori na kiuno wapi na wapi?

Redio: Ndiyo uchunguze! Na huyo binti hataolewa. Kila mchumba atampigia hesabu kwanza. Wewe mwisho wako hamsini na mbili, sikutaki. Wewe sitini, keti hapo tuongee.

Mimi nilitamani kuwamwagia kahawa. Mwenzetu hata kukaa hawezi, wao wanashindana kumtisha. Saireni alikuwa ameshasimama tena simu ilipoita. Akaweka sauti ya nje, maana masikio yake ndiyo hayo.

Stefania: Shikamoo baba. Wazee, shikamooni.

Wote: Marahaba, mama.

Profesa: Hebu tuambie ukweli, mwanangu. Hilo somo litakuonyesha baba yako anakufa lini?

Stefania: Hapana, mzee wangu. Mtu mmoja halimjui. Linaangalia kundi zima. Wangapi wataondoka, wangapi watabaki, na hao watakaobaki wataweza kuubeba mzigo?

Saireni: Mzigo gani?

Stefania: Kama chama chenu cha kuzikana, baba.

Hapo tukavimba kidogo, kwa sababu chama hicho ndicho fahari yetu. Waislamu kwa Wakristo, akifa mmoja wenzake ndio wanaochimba kaburi, wanaobeba jeneza, wanaolisha wafiwa. Miaka minne iliyopita tuliingiza vijana watatu wa bodaboda, masika moja tukawazika wote. Tukakaa kikao kwenye benchi hilihili tukafunga uanachama: hakuna mtu mpya tena. Mwenyekiti Saireni aligonga benchi, tukapigiana makofi kwa akili tulizonazo.

Saireni: Chama kiko imara. Tulikifunga.

Stefania: Najua. Siku mnafunga mlikuwa wangapi?

Saireni: Ishirini na mmoja.

Stefania: Na leo?

Saireni: Kumi na wanne.

Stefania: Aliye mdogo kuliko wote ana miaka mingapi?

Redio: Ni mimi hapa! Sitini na moja, damu inachemka!

Stefania: Sasa wazee wangu, yule atakayebaki wa mwisho atazikwa na nani?

Kahawa ikachemka ikamwagikia mkaa, na mimi mwenye birika sikunyanyuka. Tangu asubuhi ile ianze, ndiyo mara ya kwanza Saireni alisimama bila kutikisika.

Stefania: Baba? Upo? Zimebaki dakika kumi.

Saireni: Jaza.

Stefania: Ualimu?

Saireni: Hiyo ya bima. Jaza sasa hivi, mwanangu, usisubiri. Na likizo usipitie kwa shangazi. Njoo moja kwa moja, chama kinakungoja.

Simu ikakatika. Bila kuambiana, mimi, Saireni na Profesa tulikuwa tumegeuka upande mmoja.

Redio: Sasa mbona wote mnaniangalia mimi?