Farasi wa Ngosha

Seif, weka mto nyuma ya mgongo wangu, nawe Moza msogeze mama yako karibu, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sitaki hata neno moja nitakalolisema asubuhi hii lipotee. Mimi Bilali bin Shaibu, niliyesoma madarasa sita katika shule ya serikali na kuwa saisi mkuu wa farasi hapa Mwanza kwa miaka kumi na mitatu, nina akili zangu timamu, na hakuna aliyenilazimisha kusema haya.

Nyumba hii ya Nyakato ni yenu pamoja na mama yenu, mgawane kama dini inavyoelekeza, na shamba la mihogo la Kiseke vivyo hivyo. Lakini farasi aliye bandani si wenu. Seif, najua umeshazungumza na yule mtu wa Arusha anayetafuta farasi wa mbio, na najua ulimwahidi ukifikiria dawa zangu. Mwambie ahadi imevunjika na aliyeivunja ni mimi. Farasi yule ni wa Ngosha.

Naona mnatazamana. Mmekua mkisikia kwamba Ngosha alimuua Marigold kwa uzembe akafukuzwa kazi. Mlisikia hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Marigold alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia, baba yake wa Kiingereza wa mbio na mama yake wa Kisomali, ndiyo maana alikuwa na miguu mirefu na bado akastahimili jua letu. Watu walimwita Marigodi, lakini jina lake lilikuwa Marigold, na mwenye mali alikuwa Bwana Whitcombe, mnunuzi wa pamba. Pasaka tatu mfululizo aliruka vizuizi vyote katika uwanja wa kando ya ziwa bila kuangusha hata ufito mmoja, na mimi nilimwongoza kutoka uwanjani nikijivuna kana kwamba nimeruka mwenyewe. Aliyemfanya awe vile alikuwa Ngosha, mtu wa wafugaji wa Magu, asiyejua kusoma, lakini akiweka kiganja kifuani mwa mnyama alijua kama amelala vizuri. Yeye ndiye aliyemsugua kila asubuhi, akazikagua kwato moja baada ya nyingine isije ikabaki kokoto, akangoja mwili upoe kabla ya kumpa maji. Marigold alipozaa na maziwa yakakataa kutoka, ni Ngosha aliyechanganya maziwa ya ng'ombe na maji ya moto na sukari kidogo, akamnyonyesha mtoto kwa chupa, akamwita Mhoja, jina la babu yake. Nilimcheka. Nilimwambia, "Ngosha, huyo si ndama, utamfundisha kulia kama ng'ombe." Akanijibu, "Akilia kama ng'ombe, Bwana Bilali, nitampeleka mnadani, wewe ubaki na Waingereza wako."

Hapa ziwani, masika yanapokomaa, iko sheria moja ya farasi iliyo juu ya nyingine zote: kabla jua halijazama awe ndani, madirisha yazibwe kwa magunia, na mavi makavu ya ng'ombe yachomwe mlangoni ili moshi ufukuze usubi. Usubi wa jioni ndio unaoleta ule ugonjwa wa mapafu, na farasi akiupata hamalizi siku kumi. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1957, mwezi wa Ramadhani, nasi tulikaa kwenye nyumba za watumishi nyuma ya malisho. Zamu ya jioni ile ilikuwa yangu. Ngosha aliniambia niende nikafuturu, yeye atawaingiza farasi. Nikakataa. Sikutaka ionekane kwamba asiyefunga anamfanyia kazi aliyefunga. Akamfungia Mhoja ndani na chupa yake, akaenda zake.

Wingu lilikuwa zito, jua sikuliona lilipofika, na adhana ikanikuta farasi wakiwa bado kando ya maji. Nikajiambia nitakula tende tatu tu nirudi. Nikakaa. Mama Seif, uliniuliza, "Farasi umeshawaingiza?" nami nikasema, "Wako ndani." Wewe ndiye niliyekudanganya wa kwanza. Niliwaingiza baada ya swala ya Isha, usubi umejaa masikioni mwao.

Siku ya saba Marigold alikataa majani, juu ya macho kukavimba, na kabla ya alasiri povu lilimtoka puani kama la sabuni. Ngosha alimshika kichwa mpaka mwisho. Bwana Whitcombe akaitisha daftari la zamu, ambalo mwandishi wake nilikuwa mimi. Ile jioni nilikuwa sijaijaza. Niliijaza saa ile ile, kwa wino na mwandiko mzuri: Ngosha Masanja. Bwana akamsomea. Ngosha hakumtazama Bwana, alinitazama mimi, akasema, "Mimi sijui kusoma. Bwana Bilali ndiye anayejua kilichoandikwa humo."

Nikalichukua daftari, nikalifunga.

Aliondoka siku ile bila cheti, na hata kaka zake hawakumwachia tena ng'ombe. Seif, nawe ulipomwita mwanawe Shimba "mtoto wa muua farasi" mbele ya watu sokoni Kirumba, mkapigana mpaka damu, nilikusuta kwa kupigana tu. Baada ya uhuru Bwana Whitcombe alipoondoka, farasi wengine wawili waliobaki aliwapiga risasi mwenyewe asiwaache kwa mtu mwingine, mimi nikiwashika hatamu, na Mhoja akaniachia. Alisema ni kwa uaminifu wangu.

Sasa fanyeni hivi. Ngosha yuko Kigongo, anasaidia watu kupandisha ng'ombe kwenye pantoni. Mpelekeni Mhoja leo. Msimpande, mwongozeni kwa miguu, apumzike Usagara, na maji anywe akishapoa. Mfike kabla ya alasiri, msije mkamlaza nje mwezi huu wa usubi. Msimvushe kwenda Busisi, ng'ambo kuna mbung'o. Seif, mbele ya watu wote wa pantoni, useme: Bilali bin Shaibu alisema uongo, zamu ilikuwa yake. Useme kwa mdomo, usipeleke karatasi. Nimeshamwandika mara moja, inatosha. Kisha mpe Shimba mkono, umwombe radhi yako wewe. Radhi yangu msiniombee kwa Ngosha. Mpeni ukweli na mnyama wake, na akiwageuzia mgongo, mwacheni.

Moza, nawe uende. Mhoja akishtuka, ni wewe anayekusikia.

Usilie. Jua limetoka, na mkinisubiri mimi... mtachelewa. Mkirudi mkakuta nimezikwa, msiseme hamkunitendea haki. Hii ndiyo haki yangu kwenu.

Nimewaridhia. Wote wawili, nimewaridhia. Mungu awajalie... neno lenu liaminike, nanyi mstahili kuaminiwa. Mpendane. Mama yenu... msimwache peke yake.

Maji... hapana, si sasa. Nendeni. Mama Seif, fungua mlango. Uache wazi... nisikie kwato zikiondoka.