Mchango wa Mjenzi

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, pale barabara ya udongo inaposhuka kutoka maghorofani na kukata kona mbele ya chumba cha fundi cherehani. Ubao huo una wenyewe. Yupo Katiba, tarishi mstaafu, aliyebeba mafaili ya mahakama miaka mingi hata akajiona ameyasoma. Yupo Rula, seremala asiyepima kitu ila kwa jicho. Yupo Kijiko, muuza kahawa, mwenye birika na mwenye maneno. Na yupo Pindo, fundi cherehani mwenyewe, ambaye tangu maghorofa yaanze kuota kule juu, kila mvua ikinyesha maji huingia kwake bila hodi. Asubuhi hiyo gari la matangazo lilipita likinguruma: wakazi wote wafike ofisi ya mtaa, kule juu, sasa hivi, kwenye kikao cha mchango wa mjenzi wa maghorofa. Pindo akanyanyuka. Katiba akamshika shati.

Katiba: Kaa, Fundi. Unakimbilia wapi na mifuko yako?

Pindo: Kikaoni, nikawaeleze habari ya maji. Cherehani yangu inalala kitandani, mke wangu kahamia kwa dada yake. Kasema harudi mpaka sakafu ikauke.

Rula: Kwa hiyo siku hizi umeoa cherehani!

Katiba: Hukusikia kikao ni cha nini? Mchango! Ukitia mguu pale, unatoka na deni.

Pindo: Wamesema mchango wa mjenzi. Labda yeye ndiye anayetoa.

Rula alicheka hata kahawa ikampalia.

Rula: Mwenye ghorofa amchangie mwenye chumba? Kijiko, umemtilia nini huyu?

Kijiko: Jamani, kahawa yangu haina kilevi!

Katiba: Tulieni, twende kisheria. Mchango wa harusi unakwenda wapi?

Rula: Harusini.

Katiba: Mchango wa msiba?

Kijiko: Msibani.

Katiba: Na mchango wa mjenzi?

Rula na Kijiko: Kwa mjenzi!

Katiba: Nimemaliza. Kahawa.

Pindo: Na mchango wa shemeji yangu, siku ya harusi yangu? Ulikwenda kwa shemeji?

Katiba: Yule si aliahidi tu? Ulibaki kwake mpaka leo. Umenisaidia kesi, ahsante.

Pindo akaketi.

Rula: Mimi jengo lile nimelikazia jicho. Limeinama. Jamaa kaishiwa, anataka tumnunulie nguzo.

Katiba: Si nguzo, bwana. Ghorofa likishapita kimo fulani, majirani wa chini huhesabiwa ni sehemu ya msingi. Sisi hapa ni msingi, Rula. Tunaitwa tukajulishwe uzito.

Rula: Ndiyo maana mgongo unaniuma!

Kijiko: Mmepotea nyote. Mchango ni ugonjwa! Tumbo linasokota, mtu hakai, halali. Mwanangu alikuwa nao. Yule mjenzi anaumwa mchango, masikini.

Rula: Sasa kikao cha nini?

Kijiko: Cha kumjulia hali.

Katiba: Na mgonjwa utamwendea mikono mitupu? Ni yale yale. Kaa, Fundi!

Maana Pindo alikuwa amenyanyuka tena. Na kila aliponyanyuka, hoja mpya ilimkalisha. Walikuwa wamefika kwenye uwezekano wa mjenzi kuongeza wake, mmoja kwa kila ghorofa, alipotokea kutoka juu bwana mmoja mgeni, nyundo mkononi, vigingi kwapani. Alitusalimu kwa adabu, akavuta kamba, akainama, akaanza kugongomea kigingi hatua moja kutoka kizingiti cha Pindo.

Pindo: Ndugu yangu, mbona mlangoni kwangu?

Mgeni: Ni mtaro, kaka. Mjenzi wa maghorofa ndiye anayeugharimia. Analeta watu, magari na maji machafu, kwa hiyo kabla ya kupewa kibali cha jengo jingine lazima achangie barabara na mitaro. Ndio mchango wake.

Katiba: Anatoa yeye?

Mgeni: Kwani nani mwingine, mzee wangu?

Rula: Katiba, wewe na harusi zako!

Pindo: Na mtaro wenyewe unashuka mpaka bondeni?

Mgeni: Ungeshuka. Mchango ulitosha mtaro mzima, au nusu ya mtaro pamoja na taa za barabarani. Kikaoni, watu wa juu wamechagua taa. Mwenyekiti akauliza kama yupo yeyote wa huku chini mwenye neno. Hakuwepo hata mmoja. Nilipoondoka, walikuwa wanaanza kukunja viti.

Akakipiga kigingi pigo la mwisho, akafuta jasho, akatugeukia kwa upole wa mtu anayeuliza njia.

Mgeni: Samahani, wakubwa. Nilitaka kujua kwa wenyeji. Mtaro unaishia hapa. Maji yakifika hapa, yaende wapi?

Rula alimtazama Katiba. Katiba alimtazama Kijiko. Kijiko aliinua birika, akaliona jepesi, akalirudisha. Pindo hakumtazama mtu: alikuwa tayari anapanda mlima mbio, futi kamba ikimpepea shingoni, akipiga kelele kwamba viti visikunjwe.