Bolti Nne za Kitanda cha Mjukuu

Asubuhi hiyo Kufuli alifika kijiweni na bolti nne mfukoni, na moyo wake haukuwa umetulia. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu kati ya meza yake ya kuchonga funguo na karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma. Muuza kahawa huweka jiko lake mwisho wa benchi. Katikati hukaa Bandari, mzee mstaafu ambaye zamani alifanya kazi miezi miwili bandarini, na tangu hapo hakuna kontena duniani asilojua limebeba nini. Wiki tatu zilizopita, Kufuli, Cheche na Bandari walifunga sebuleni kwa Kufuli kitanda cha mjukuu wake, kilichotoka ng'ambo vipande vipande ndani ya boksi. Walimaliza kwa saa moja na nusu, wakapeana mikono, wakanywa soda, na bolti nne zikabaki. Siku ile walicheka sana. Leo, akinyoa ndevu, Kufuli alisikia redioni kwamba vitanda vya watoto kutoka ng'ambo vinarudishwa madukani, kwa sababu kimoja kimeachia sakafu yake ya kubebea godoro na mtoto akavunjika mkono. Hakusikia ni vya aina gani, kwa kuwa hapo hapo alijikata kidevu.

Alizipanga zile bolti kwenye benchi, moja moja.

Kufuli: Leo nataka ukweli. Hizi zilibaki kwa nini?

Cheche: Kwanza umejikata, Babu. Pili, hizo ni akiba. Wenzetu wanaweka za ziada, moja ikipotea usihangaike.

Kufuli: Nne?

Cheche: Wanajua sisi tunapoteza sana.

Bandari alisonya, kisha akanyoosha mkono apewe kikombe. Mzee huyu hatii chumvi mikono ikiwa mitupu.

Bandari: Akiba gani, bwana. Kile kiwanda cha vitanda kina milango miwili. Mlango wa mbele vinatoka vya watoto wao. Mlango wa nyuma, vyetu.

Cheche: Umeiona hiyo milango?

Bandari: Nimeona maboksi. Boksi la mlango wa nyuma halina harufu yoyote.

Kufuli: Letu lilikuwa linanuka rangi mpaka tukafungua dirisha.

Bandari: Unaona? Wameshajua kwamba tumejua.

Muuza kahawa alicheka peke yake. Kufuli hakucheka. Huyo alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Binti yake alikuja kujifungulia nyumbani, na baba mwenye adabu haingii chumba cha mzazi. Jioni hubisha hodi, pazia likafunuliwa kidogo, akapewa mtoto mlangoni, akamrudisha mlangoni. Kitanda wanawake walishakiingiza ndani ya pazia, na yeye alikuwa amekisifia mtaa mzima kwamba amekifunga kwa mikono yake. Kwenda kumwambia binti kwamba kuna bolti mfukoni ilikuwa aibu ambayo hakujua pa kuiweka. Alitaka mtu mmoja tu amwambie makosa ni ya kiwandani, apate kupumua.

Cheche: Mimi nikwambie ukweli, chuma chenyewe si chuma. Nilikigonga na spana kikalia kama sufuria. Jana kilikuwa sufuria, leo kitanda, kesho utakikuta ni bawa la ndege.

Bandari: Na kipimo chake si cha watoto wetu. Mtoto wa kule analala kwa saa. Saa mbili usiku amelala, saa mbili asubuhi ameamka, hapo katikati hageuki hata kidogo. Wetu hawa wanaanza fujo wakiwa bado tumboni. Kitanda kitahimili wapi?

Kufuli: Mjukuu wangu ana wiki tano. Hajajua kugeuka.

Bandari: Anajipanga.

Cheche: Kinachonitisha mimi ni ile rangi.

Bandari: Hapo sasa umefika. Ile rangi ina kitu ndani. Mtoto akiinusa mwaka mzima, akikua humwambii lolote kuhusu nyumbani. Kutwa anaulizia pasipoti. Wenzetu wanawachukua vijana wetu tangu wakiwa kwenye nepi.

Kufuli: Mzee wangu, mimi nauliza bolti.

Bandari: Bolti ni za kukuzuga. Wewe umekaa unashika bolti, wao wanapaka rangi.

Katikati ya maneno hayo alifika mwanamke mmoja mwenye mkoba begani, akasalimia, akampa Kufuli ufunguo wa stoo ya kazini kwake achongewe mwingine. Kufuli aliubana kwenye mashine, lakini macho yake yalikuwa kwenye bolti na meno ya kwanza yakatoka vibaya. Ikabidi aanze upya. Mteja akaketi kwenye benchi, akaziona zile bolti, akaelezwa mkasa wote na watu wawili kwa wakati mmoja, pamoja na milango miwili na pasipoti.

Mteja: Hakikuja na karatasi ya maelekezo?

Cheche: Kilikuja nayo. Lugha kumi na moja, dada, yetu haimo.

Bandari: Ushahidi mwingine huo.

Mteja: Picha je?

Kufuli alizikumbuka hizo picha. Kulikuwa na kijitu kisicho na nywele wala mdomo, na mahali pamoja kilikuwa kimesimama mbele ya kitanda kikiwa na alama ya kuuliza juu ya kichwa. Waliicheka ile alama mpaka mbavu zikauma. Cheche alisema huyu hajawahi kushika spana, kisha akaitandika karatasi sakafuni na kupiga goti juu yake, kwa sababu siku hiyo alivaa suruali mpya.

Cheche: Picha ni za wanaojifunza. Mimi nimechomelea mageti miaka ishirini, hakuna lililoniangukia.

Mteja: Sawa, fundi. Ila bolti zenyewe zote zina urefu mmoja. Hamkuona matundu yaliyobaki wazi?

Cheche: Chini ya godoro tu. Yale ya hewa.

Mteja: Ya hewa?

Cheche: Mtoto si anapumua? Hata Bandari alisema ni ya hewa.

Bandari: Mimi niliizungumzia hewa kwa ujumla.

Mteja: Yako mangapi?

Cheche alianza kuhesabu kwa vidole. Kona ya dirishani, kona ya mlangoni, kona ya ukutani. Alipofika kidole cha nne alikirudisha taratibu, akaificha ngumi chini ya paja. Muuza kahawa aliangalia birika lake.

Bandari: Inategemea unahesabia kutoka upande gani.

Mteja: Haya. Na huyo mtoto amelala wapi sasa hivi?

Kufuli alikuwa ameshaondoka mbio, aproni kiunoni, mashine inanguruma nyuma yake na ufunguo wa watu ndani. Nyumba ni ya tano kutoka kijiweni, lakini siku hiyo aliiona iko wilaya nyingine. Roho ilikuwa mkononi. Aliyaona yale matundu manne waziwazi, na sakafu ya kitanda ikiwa imeshikiliwa na sifa za wazee watatu. Alipita sebuleni bila kubisha hodi, akalifunua pazia ambalo hakuwa amelivuka tangu mtoto azaliwe.

Kitanda kilikuwa dirishani. Ndani yake mlikuwa na nepi zilizokunjwa, mashuka mawili, pasi, na beseni la plastiki. Mtoto hakuwamo.

— Binti anaoga, sauti ya mke wake ilisema nyuma yake. Unaingiaje humu hivyo, mzee?

Aligeuka. Mtoto alikuwa begani kwa bibi yake, amelala, udenda unamtoka. Kufuli alimshika mkono wa kulia, akaupapasa mpaka kwenye vidole, kisha wa kushoto, na machozi yakamshinda. Hakuyaficha.

— Alikuwa analala humo? aliuliza.

— Nani, huyu? Hajalala humo hata siku moja. Siku ile mlipotoka na soda zenu nilikishika kwa mkono mmoja, nikakitikisa. Kikanijibu.

— Lakini kila jioni nauliza hapo mlangoni, mnaniambia kinafaa sana.

— Kinafaa sana. Nguo hazikai tena chini.

Kufuli aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Kutoka hapo chini aliiona sakafu ya kitanda vizuri, na matundu yenyewe, kila kona moja. Hasira ilianza kumpanda, halafu ikakosa pa kwenda.

— Wiki tatu nzima, alisema. Mbona hukuniambia?

Mke wake alimhamishia mtoto bega la pili, akampigapiga mgongoni polepole.

— Ningekuambia, alisema, ungekipeleka kijiweni.