Masahihisho ya Vidosava Pejin

Wasikilizaji wapendwa, leo zimetimia siku arobaini tangu Vidosava Pejin atutoke. Asubuhi hii jamaa zake walikwenda makaburini na ngano iliyochemshwa kwa sukari, chakula cha kumkumbuka marehemu, na mshumaa ambao upepo wa hapa Topolik uliuzima mara tatu. Karibuni tumkumbuke pamoja.

Vida alikuwa mpiga chapa wa gazeti la Ravnica. Miaka thelathini na mmoja alikaa na simu sikioni na vidole kwenye mashine. Waandishi walipiga simu kutoka vijijini, wakasema habari zao, naye akazichapa. Hakuwahi kuandika habari yake mwenyewe. Likumbukeni hilo, wasikilizaji.

Gazeti lenyewe mnalijua. Lilizaliwa vitani, mwaka 1943, karatasi moja iliyochapwa kwa siri ghalani ili kuwapinga wavamizi. Baba yake Vida aliisambaza akiwa ameificha ndani ya buti. Vita vilipokwisha likawa gazeti la Chama cha Kikomunisti, likazoea kuambiwa la kuandika. Kisha ikaja vuli ya 1988. Mikutano ya hadhara iliwaangusha viongozi wa jimbo letu hapa kaskazini mwa Serbia, na wahariri wakaondolewa ndani ya wiki moja. Jumatatu gazeti lilikuwa linasifu undugu wa mataifa yote ya jimbo. Ijumaa neno undugu halikuonekana tena. Serbia yote ilikuwa imepata sauti moja, na Ravnica ikawa mwangwi wake.

Mhariri mkuu mpya aliitwa Krnjajić. Mwaka 1991 vita vilipoanza ng'ambo ya mto Danubi, vijana wa huku walikuwa wakiitwa jeshini, na wengi walikuwa wakitoroka. Mtu wa kulaumiwa alihitajika.

Siku moja simu ililia mezani kwa Vida. Sauti ya mwanamume, isiyojitaja jina. Ikasema: andika. Daktari wa mifugo Imre Sarnyai, Mhungari, Jumamosi tarehe 28 Septemba aliwaficha watoro kumi na mmoja ghalani kwake, kisha akawavusha mpaka mwenyewe.

Vida aliacha kuchapa. Akaenda kwa Krnjajić.

"Mhariri, hii si kweli. Jumamosi daktari alikuwa kwetu tangu asubuhi hadi jioni. Ng'ombe wa mama alikuwa anashindwa kuzaa. Mimi mwenyewe nilimshikia ndoo ya maji."

"Vida, wewe umekuwa mwandishi lini?"

"Nakwambia nilikuwepo!"

"Na mimi nakwambia chapa. Au kuna mtu nyumbani kwenu anayetaka kwenda mstari wa mbele badala ya kuchapa?"

Kaka yake Vida alikuwa na miaka ishirini na sita. Vida alirudi mezani akachapa.

Habari ilitoka tarehe 3 Oktoba. Nairudia, wasikilizaji: tarehe 3 Oktoba, ukurasa wa kwanza. Kufikia Jumapili madirisha ya daktari yalikuwa yamevunjwa yote. Mbwa wake alikufa kwa sumu. Ukutani wakamwandikia kwa rangi: Nenda kwenu. Kwao kulikuwa hapa, mtaa wa tatu kutoka kituoni. Wiki mbili baadaye Imre, mkewe na binti yao Etelka wakahamia Segedin, mji wa Wahungari ng'ambo ya mpaka, na nyumba ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Vida alinyamaza miaka tisa. Mpwa wake, Rajka, hakutaka tulifiche hilo. "Shangazi mwenyewe alikuwa akisema: nilikuwa mwoga, msinipambe."

Oktoba 2000 serikali ilipoanguka, watu waliingia ofisi za Ravnica wakiimba, na Krnjajić akatoroka kwa mlango wa uani. Majira ya kuchipua yaliyofuata, Vida alioka mkate wa mbegu za mpopi, akapanda basi la Segedin. Imre alimfungulia mlango.

"Nakufahamu," alisema. "Wewe ni binti wa Pejin. Yule ng'ombe vipi?"

"Aliishi, daktari. Na ndama wake."

"Afadhali."

"Daktari, ile habari niliichapa mimi."

"Ulinishikia ndoo, halafu ukachapa?"

"Ndiyo."

"Basi usiniombe radhi mimi. Mimi naujua ukweli. Waambie waliosoma."

Mlango ukafungwa, mkate ukabaki mikononi mwa Vida.

Aliporudi aliandika masahihisho, sentensi nne, akampelekea mhariri mpya, kijana aliyefukuzwa kazi zama za Krnjajić. Kijana alimkumbatia. "Shangazi Vida, sisi tunatazama mbele. Tukianza na hili moja, tutamaliza lini?"

Baadaye gazeti likanunuliwa na tajiri mmoja wa mbolea. Huyo alisema wanasheria wake hawatataka. Kisha chama kingine kikashika nchi, akaletwa mhariri mwenye beji ya chama kwenye koti. Vida alikuwa amestaafu, lakini alikwenda, na karatasi ileile.

"Bibi, nani amekutuma?"

"Ng'ombe," alimjibu, akatoka.

Februari 2016 Imre Sarnyai alifariki. Vida alisikia habari hiyo sokoni. Akaenda moja kwa moja Ravnica, si kwa mhariri, bali dirisha la matangazo ya tanzia, na karatasi yake, akiwa ameongeza sentensi moja juu. Msichana wa dirishani aliisoma mara mbili.

"Bibi, hii ni tanzia kweli?"

"Kuna mtu amekufa, sivyo? Basi ni tanzia. Chapa, mwanangu."

Kurasa za tanzia huwa hazisomwi na mhariri. Kesho yake zilitoka, katikati ya picha za marehemu wengine, sentensi hizi:

"Amefariki Imre Sarnyai, daktari wa mifugo wa Topolik. Tarehe 3 Oktoba 1991 gazeti hili liliandika kwamba aliwaficha watoro. Huo ulikuwa uongo. Siku aliyodaiwa kufanya hivyo alikuwa kwetu akimzalisha ng'ombe. Mimi niliyeuchapa uongo huo ni Vidosava Pejin."

Mhariri alimpigia simu akifoka. Wengine walimpigia wakamwita msaliti. Jirani mmoja aliacha kumwamkia hadi mwisho.

Etelka, binti wa daktari, alikuja kwenye mazishi ya Vida. Alisimama nyuma kabisa. Alimwambia Rajka hivi: "Nimelichukia jina la gazeti hili tangu utotoni. Baba alikufa siku tatu kabla ya maneno yale kutoka. Siwezi kusema nimesamehe. Lakini nimekuja."

Kwa Rajka na ukoo wote wa Pejin, poleni sana. Kwa Etelka huko Segedin, pole, kwa baba na kwa mji huu uliomfukuza.

Ravnica inatoka kila asubuhi hadi leo. Na wewe unayetusikiliza jikoni au garini, pengine kuna neno baya juu ya mtu lililopita mkononi mwako, nawe ulijua si kweli. Kama mtu huyo yu hai, usisubiri ukurasa wa tanzia. Vida alisubiri, na hakuwahi kujisamehe kwa hilo.