Mzee Alama na Kiti cha Nyuma

Marehemu babu yetu, ambaye wasomaji wa jarida la magari walimjua kama Mzee Alama, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli na mshonaji. Alianza kutambaa kinyumenyume, baba yake akasema, "Huyu gia ya mbele bado haijaingia."

Alihitimu chuo cha ufundi wa magari mwaka 1972. Cheti alikitundika sebuleni, usawa wa macho ya mjukuu yeyote anayesuasua na masomo.

Baada ya miaka saba ya gereji, jarida lilimwajiri kuzishindanisha sedani za kifahari zenye mbio: tatu kwa pamoja, barabara ileile, siku ileile. Alizipa alama kwa injini, breki, usukani na bei. Kiti cha nyuma hakukihesabu. "Mpenda mbio hakai nyuma," alisema.

Tarehe 5 Septemba 1981 alimwoa bibi yetu, mwalimu wa hesabu. Miaka mitatu baadaye alimpakia nyuma ya sedani nyekundu aliyokwisha kuitangaza mshindi. Kurasa zilikuwa tayari kwa mpiga chapa. Bibi alishuka kashika kiuno.

"Baba, wewe limekuimbia. Mimi limenitwanga."

"Lakini breki zake, mke wangu!"

"Hizo breki ndizo zilizonibusisha kisogo cha kiti chako. Haya, kaa nyuma wewe."

Bibi akashika usukani. Kilomita nne tu, babu akaomba ashushwe. Palepale akatafuta simu, akamwambia mhariri gari liende nafasi ya tatu. Mhariri akafoka kwamba atamfukuza kazi.

"Nifukuze," babu akajibu, "ila usinirudishe nyumbani na hili jekundu."

Hakufukuzwa. Kuanzia toleo lile kiti cha nyuma kilitengewa alama ishirini, na mtoaji wa alama hizo alikuwa bibi peke yake, hata baada ya babu kustaafu na kubaki akiandika mara mojamoja.

Aprili 2023 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa. Alikuwa ameziendesha sedani tatu za mwisho, na jedwali lake lilibakiza kiti cha nyuma cha moja. Alikataa katakata mtu kukisia. Bibi akaenda na dereva wa jarida, akarudi wodini.

"Ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Moja umelinyima kwa nini?"

"Dereva hakuwa wewe."

Babu alicheka hadi nesi akaja mbio kutazama mashine. Akaiandika 19 kwa mkono wake, akasaini. Kesho yake asubuhi, tarehe 2 Juni, alituaga akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, na sedani kuukuu ambayo redio yake bado haturuhusiwi kuigusa.

Leo, njiani kwenda makaburini, imekuwa zamu yake kukaa nyuma, ndani ya jeneza. Bibi alikaa mbele, akimwamuru dereva kila tuta: "Taratibu, mwanangu, huyu anahesabu." Tulipofika tulimwomba alama.

"Ishirini," akasema. "Hajalalamika hata mara moja."

Apumzike kwa amani, Mzee Alama wetu, na barabara yake iwe laini.