Bi Kibibi Athmani na Jezi Namba Tatu

Tarehe 31 Desemba 2025, Bi Kibibi Athmani Shee anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya udobi ya Zumaridi, hapa Al Quoz, Dubai, kwa miaka ishirini na minane na miezi mitatu. Aliingia Septemba 1997 akiwa mkunjaji wa mashuka. Anatoka akiwa msimamizi wa kitengo cha madoa, na katika hoteli zote tunazozihudumia hakuna foronya ambayo haijapita mikononi mwake au mikononi mwa mtu aliyefundishwa naye.

Alizaliwa Mombasa, mtaa wa Kuze. Alikuja Dubai kumtembelea dada yake Tufaha, aliyeolewa Al Baraha, na nia yake ilikuwa kukaa miezi sita. Mwezi wa saba ulimkuta kiwandani kwetu, amefunga leso kiunoni, akimweleza msimamizi wa wakati huo kwamba maji yake yana moto kupita kiasi. Msimamizi alikasirika. Wiki iliyofuata maji yalipunguzwa moto na mashuka yakaacha kupauka.

Visa vyake ni vingi. Kimoja hata meneja wetu, Bwana Abdullatif, ameruhusu kisimuliwe. Asubuhi moja alimwagikiwa kahawa kwenye kanzu dakika hamsini kabla ya kukutana na wateja wapya. Bi Kibibi aliichukua kanzu, akamwachia shuka la hoteli, na bosi wetu akakaa ofisini kwake amejitanda kama bwana harusi, akitia saini karatasi alizoletewa. Miongoni mwazo lilikuwamo ombi letu la feni mpya, lililokuwa limelala mezani mwaka mzima. Kanzu ilirudi nyeupe pe. Feni tunazo mpaka leo.

Lakini atakayeulizwa mtaani kuhusu Bi Kibibi hatataja feni. Atataja raga.

Tangu mwaka 1999, hoteli moja kati ya tunazozihudumia hupokea timu ya taifa ya Kenya inapokuja kwa mashindano ya kila mwaka ya wachezaji saba kila upande. Jezi zao huletwa kwetu. Bi Kibibi hakuwa amewahi kuona mpira usio wa mviringo, ila alijua kusoma nguo. Jezi yenye chokaa ya mstari kifuani ilikuwa ya mfungaji, kwa kuwa ameanguka na mpira upande wa pili. Yenye nyasi mgongoni ilikuwa ya aliyeangushwa. Na yenye nyasi mabegani, kulia na kushoto, ilikuwa ya mwangushaji, mtu anayewafuata wapinzani wakubwa chini chini na kuwalaza. Mwaka baada ya mwaka, jezi iliyokuwa ya kijani kibichi mabegani ilikuwa namba tatu, ya Zablon Mukabwa wa Kitale.

Wenzetu Wakenya walilijua jina hilo kwa sababu nyingine. Mwaka 2002, katika fainali ya kombe la pili, la timu zilizokosa kombe kuu, dakika ya mwisho, Mukabwa alipewa mpira akiwa peke yake mbele ya mstari. Ukamponyoka. Kenya ikashindwa, na yeye hakuitwa tena. Kwa miaka mingi hapa kantini sahani ilipoanguka, dereva wetu Nickson alipaza sauti, "Mukabwa!" na meza nzima ikacheka. Bi Kibibi hakucheka hata mara moja. Ubishi wa nani ni mchezaji bora wa Kenya wa nyakati zote ulipopamba moto, Nickson akimtetea winga Erastus Nyamweya na mtia pasi wetu Deus, Mtanzania asiyejua raga, akimpinga Nickson kwa raha zake tu, yeye alisema neno moja: "Namba tatu." Akiulizwa sababu, alirudi kazini.

Novemba 2023, umoja wa Wakenya wa Deira ulitangaza mdahalo wa hadhara wa kuchagua saba bora wa historia ya raga ya Kenya. Watakaochaguliwa wangeletwa Dubai kwa tiketi za umoja huo na kupokewa kwa heshima wiki ya mashindano. Wajumbe waliandika majina ya kupendekezwa. Mukabwa hakuwamo.

Jioni ile ile Bi Kibibi alianza kutafuta namba yake. Alipitia kwa mpwa wa jirani, kwa mwalimu mmoja wa Eldoret, kwa fundi wa matrekta wa Kitale. Siku ya tano simu ilipokelewa. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa ameketi naye kwenye benchi la kupakilia mizigo, na alisikia kila kitu.

"Zablon, ni mimi mama wa dobi, Dubai. Nilikupa ahadi. Naomba ruhusa niivunje."

Sauti nzito ya upande wa pili ikasema, "Miaka yote hiyo hukumwambia mtu?"

"Si uliniambia nisiseme?"

"Basi sema, mama. Wanangu wamekua wakitaniwa kwa jina langu. Sema."

Mdahalo ulifanyika katika ukumbi wa mkahawa mmoja wa Deira, na watu walijaa hadi kwenye ngazi. Majina sita yalipita kwa urahisi, Nyamweya akiwa wa kwanza. La saba ndilo lililozua kelele. Wengi walimtaka Dismas Aluku, mpiga mateke aliyecheza miaka ile ile, ambaye siku hizi anafanya kazi ya bima na anaishi hapa hapa Dubai, Jumeirah Village Circle. Alikuwapo ukumbini, mbele kabisa, amevaa suti. Hapo Bi Kibibi akainua mkono na kumtaja Mukabwa. Ukumbi uliangua kicheko.

Mwendesha mdahalo aliuliza kwa adabu, "Madam, wewe umewahi kucheza raga?"

"Sijacheza," akajibu. "Nimefua."

Walicheka tena, safari hii pamoja naye, na kicheko kilipotulia akaendelea bila kuketi. Alieleza kwamba asubuhi ya siku ya mwisho ya mashindano ya 2002, Mukabwa alikuja kiwandani kwa teksi, peke yake, kufuata jezi. Alipompa, kijana hakuweza kuinua mkono wa kulia kuivaa. Bega lilikuwa limetoka mahali pake jana yake na kurudishwa kienyeji chumbani. Timu ilikuwa imebaki na wachezaji wachache wazima. Alijua daktari akiliona tu, khalas, angezuiwa kucheza, na wenzake wangeingia fainali pungufu. Akamwomba amfunge. Bi Kibibi alichana foronya, akalizungushia bega, akamvisha jezi juu yake.

"Nilimwambia asiende. Akasema, mama, usiwaambie. Labda nilikosea kumsaidia, Mungu ndiye ajuaye, na nimejiuliza sana. Lakini jioni ile jezi ililetwa, nikaifua mimi. Bega la kulia lilikuwa safi kama lilivyotoka kwangu. La kushoto lilikuwa na nyasi, udongo, na damu isiyo yake. Mtu yule aliwaangusha watu siku nzima kwa bega moja. Mpira wa mwisho ulimjia mkono wa kulia. Ninyi mnakumbuka ulivyoanguka. Mimi nakumbuka alivyofika pale."

Mwendesha mdahalo alianza kusema kwamba ni vigumu kuthibitisha, na ndipo Dismas Aluku aliposimama. Alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena, kama mtu aliyesahau mikono yake inafanya nini.

"Siku ile nilimgombeza," akasema. "Wakati wa mapumziko. Nilimwambia, mbona unaangusha kwa upande mmoja tu, umekuwa mvivu? Hakunijibu. Na mpira ule wa mwisho, mimi ndiye niliyempa. Nilimrushia kulia." Akamgeukia mwendesha mdahalo. "Toeni jina langu. Nafasi ya saba ni ya Mukabwa."

Kura haikupigwa. Ukumbi ulisimama wote, watu wakapiga meza, wakapiga sufuria za mkahawa, na wenye mkahawa wakatoka jikoni kuuliza kama kuna harusi. Nickson, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipenya katikati ya watu hadi kwa Bi Kibibi na kusema maneno ambayo ameomba yaandikwe hapa kama alivyoyasema: "Mama, nisamehe kwa zile sahani zote."

Wiki mbili baadaye Zablon Mukabwa alishuka Dubai, na Dismas ndiye aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege. Walikumbatiana muda mrefu hata mkokoteni wa mizigo ukaondoka wenyewe. Siku ya mashindano, saba bora walipotambulishwa kwa mashabiki wa Kenya jukwaani, kelele za jina la mwisho zilipita za majina yote yaliyotangulia, na hata Nyamweya alikuwa akishangilia kwa mikono miwili juu. Mukabwa hakuwa amekanyaga uwanja wa raga kwa miaka ishirini na mmoja. Leo anafundisha timu ya wasichana ya shule moja ya sekondari karibu na Kitale, na mwaka huu wametwaa ubingwa wa kaunti.

Bi Kibibi mwenyewe alirudi kazini siku iliyofuata saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa mfuko wa jezi ulikuwa umeshaletwa. Tangu hapo amewafunza watu kumi na tisa katika kitengo cha madoa, na Hind, atakayemrithi, amekwisha kupewa ufunguo wa kabati la dawa pamoja na onyo kali kuhusu maji ya moto. Mwezi Januari Bi Kibibi anarejea Mombasa, ambako nduguze wamemwekea chumba kinachotazama barabara, na yeye ametangaza kwamba hatapiga pasi hata kitambaa cha mkono.

Bi Kibibi, ahsante kwa mikono yako, kwa ulimi wako mkali na kwa jicho lako lisilodanganywa. Ahsante kwa kutunza siri ya mtu kwa uaminifu, na kwa kuisema kwa ujasiri ilipofika saa yake. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na jamaa watakaokuhudumia kama ulivyotuhudumia sisi. Mashine zetu hazijawahi kuzimwa zote kwa pamoja tangu kiwanda kifunguliwe. Bwana Abdullatif ameagiza zizimwe saa sita mchana tarehe 31, ili utakapotembea kutoka kitengo chako hadi getini uyasikie makofi yetu mpaka la mwisho.

Frida, idara ya usafirishaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote