Bi Bembea Anaondoka Dirishani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika benki ya damu ya hospitali yetu, Bi Bembea anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina hilo halimo kwenye vyeti vyake. Tulimpa sisi, kwa sababu ya ile mashine yetu inayotikisa polepole mifuko ya chembe sahani, chembe zinazoifanya damu igande na jeraha lizibe. Aliuzoea mwendo wake hadi akawa anayumba hata kwenye foleni ya chai. Watoto wachanga wa wenzake walilala mikononi mwake kabla mama zao hawajamaliza kusalimia.

Alianza akiwa fundi wa maabara mwenye haya, akaishia msimamizi tuliyemwogopa na kumpenda. Somo lake la kwanza halikubadilika: damu nyekundu ni ya friji, chembe sahani hazitaki baridi wala kulala. Zikipoa hupoteza umbo, zikitulia hushikana. Kisha alitupeleka dirishani. Mfuko usioharibika, ukiugeuza taratibu kwenye mwanga, huonyesha mawimbi kama maji yaliyooshewa mchele.

Kisa cha wifi yake wengi mnakijua, ila kwa mdomo wa wifi mwenyewe. Mke huyo wa kaka yake alijifungulia hapa, damu ikakataa kukatika. Ulibaki mfuko mmoja wa chembe sahani, tarehe yake bado nzuri. Bi Bembea aliugeuza dirishani, akaona madonge tu. Mgeni mmoja kazini, kwa nia njema, alikuwa ameulaza kwenye friji. Daktari aliuomba, kaka mtu akauomba kwa machozi. Akawakatalia wote wawili. Akampigia simu seremala, mchangiaji wetu wa damu wa siku zote, naye akaja na vumbi la mbao kichwani, akatolewa chembe sahani mpya. Kusubiri kule kulimzeesha Bi Bembea.

Mama na mtoto walipona. Lakini tangu hapo, kila shughuli ya ukoo, wifi hutania kwamba anaye wifi aliyemnyima damu, na watu hucheka. Utani wa mawifi tunaujua, ila huu ulimuuma, na hakujitetea hata mara moja.

Wiki iliyopita wifi alikuja kuchukua kadi ya sherehe hii. Bi Bembea akamwita dirishani, akamshikisha mfuko wa kufundishia na kumwonyesha namna ya kuugeuza. Wifi aliyatazama mawimbi, akauliza kama ule wake ulikuwa hivi. Akajibiwa kwamba haukuwa. Hakutania tena. Alibaki pale, mfuko mikononi, akiyumba taratibu bila kujua.

Asante, dada yetu. Dirisha tutalifuta vumbi, na mashine haitalala. Nenda ukaifaidi pensheni yako kwa afya tele, na wajukuu wakulalie mikononi.